Je, Feni ya Umeme Yaweza Kuiongezea Injini Nguvu?

Katika biashara ya vifaa vya magari kuna chombo kimoja ambacho hakikosi wanunuzi, nacho ni feni ndogo ya umeme ifungwayo kwenye bomba liingizalo hewa katika injini. Wauzaji huinadi kwa maneno matamu: unganisha waya mbili kwenye betri, kaza bomba, na gari lako litapanda mlima kama lile la tajiri lenye turbo. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya turbo halisi, na hapo ndipo ulipo mtego. Mwenye gari dogo, aliyechoka kupitwa na mabasi mlimani, hushawishika upesi. Inafaa basi jambo hili tulitazame kwa hesabu, kwa sababu wazo lenyewe si la kipumbavu hata kidogo.

Kila mhunzi ajua kwamba moto hauli makaa peke yake, bali hula na upepo. Ndiyo sababu ya mivukuto. Injini nayo ni vivyo hivyo. Gramu 1 ya petroli yahitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue barabara, maana yake lita moja ya petroli humeza takriban lita 9,000 za hewa. Kuongeza petroli si kazi. Kazi ni kuongeza hewa. Pistoni ikishuka hunyonya tu, wala haiwezi kunyonya zaidi ya kile ambacho anga iko tayari kuipa. Ndiyo maana gari lisilo na turbo, likitoka Mombasa na kufika Nairobi, mahali palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,700, hupungukiwa na karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake. Hewa ya huko ni nyepesi. Dereva hudhani injini imechakaa, kumbe ina njaa.

Njaa hiyo iliwashughulisha wahandisi tangu zamani. Mwaka 1905 Alfred Büchi, raia wa Uswisi, alipata hataza ya mtambo ambao moshi utokao kwenye injini huzungusha gurudumu, na gurudumu hilo huendesha jingine linaloishindilia hewa ndani. Wengine walitumia mkanda unaozungushwa na injini yenyewe. Katika njia zote mbili msomaji ataona kwamba nguvu za kushindilia hewa zina mahali zilikotoka: ama ni moshi wa moto ambao ungepotea bure, ama ni jasho la injini.

Sasa na tuiulize feni yetu: nguvu zako unazitoa wapi?

Tuchukue injini ya lita 2, ya kawaida kabisa. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta kiasi cha lita 6,000 za hewa kila dakika, yaani lita 100 kwa sekunde. Tukitaka kuishindilia hewa hiyo kwa nusu ya uzito wa anga, kiasi ambacho turbo nyingi za wastani hukifikia bila taabu, itahitajika nguvu ya takriban kilowati 8 au 9. Kwa umeme wa volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 650. Alteneta ya gari dogo hutoa ampea zipatazo 60 hadi 100, na humo zimo taa, redio na mengineyo. Stata, ambayo ndiyo mlafi mkubwa wa betri, hutumia kilowati moja na ushei, tena kwa sekunde chache tu. Ni kama kumwambia mtu afunge stata sita au saba na kuziacha zizunguke kwa pamoja muda wote anaopanda mlima!

Na feni ya dukani? Nyingi hufanana sana na zile zitumikazo kutolea mvuke wa petroli ndani ya mashua, nazo hula ampea 4 au 5, yaani wati zipatazo 50. Baina ya wati 50 na wati 9,000 hakuna nafasi ya mabishano. Huenda karatasi yake ikasema kwamba hupuliza lita elfu kadhaa kwa dakika, na namba hiyo yaweza kuwa ya kweli. Lakini imepimwa feni ikipuliza hewani bila kizuizi chochote. Kupuliza si kushindilia. Injini ikishika kasi huvuta hewa kwa nguvu kuliko feni inavyoisukuma, na mapanga ya feni hugeuka kuwa kizuizi njiani. Mnunuzi amelipa fedha ili koo la gari lake lizibwe.

Yapo madhara mengine. Panga la plastiki likivunjika huelekea kule kule hewa inakoelekea. Wapo pia wanaong'oa chujio la hewa ili feni ipate nafasi, wakaikaribisha injini kula vumbi. Waya nyembamba zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri pasipo fyuzi, hayo hatuna haja ya kuyaeleza.

Hata hivyo kosa kubwa lingekuwa kusema kwamba umeme hauwezi kazi hii. Mwaka 2016 kampuni ya Audi ilitoa gari aina ya SQ7 lenye injini ya dizeli ya lita 4, na ndani yake kipulizo cha umeme kinachotumia hadi kilowati 7 na kufikia mizunguko 70,000 kwa dakika katika robo ya sekunde. Lakini tazama walivyofanya: waliacha volti 12 wakajenga mfumo wa pekee wa volti 48 wenye betri yake, tena hawakukipa kipulizo hicho kazi ya turbo, kwa maana turbo mbili zilikuwapo. Kazi yake ni kuziba pengo lile fupi dereva anapokanyaga mafuta na moshi haujapata nguvu ya kutosha. Moshi ukishapata nguvu, hewa hukipita pembeni.

Aliyekwisha kununua feni ya dukani anaweza kuijaribu mwenyewe. Fundi amfungie kipimo cha mgandamizo baada ya feni, kisha gari lipandishwe mlima kwa gia ya pili, mafuta yakikanyagwa mpaka mwisho, mara moja feni ikiwa inazunguka na mara moja ikiwa imeondolewa kabisa. Mshale wa kipimo haujui matangazo. Na kabla ya yote hayo amwombe fundi huyo alitoe chujio la hewa na kulitazama mbele ya mwanga, kwani si magari machache yalioyokosa nguvu kwa sababu ya vumbi la miaka mitatu.