Siwa ya Pate na Uchambuzi wa Ishara za Mamlaka

Mtahiniwa akikutana na taji, kiti cha enzi au bendera katika kazi ya fasihi, aghalabu huandika: "Hii ni ishara ya utawala," kisha akasonga mbele. Jibu hilo si kosa, lakini halijakamilika. Ishara ya mamlaka haielezwi kwa kuitaja tu. Hebu tutazame mfano kutoka funguvisiwa la Lamu.

Nembo ya taifa la Kenya ina ngao, simba wawili na jogoo. Ni ishara ya kutazamwa. Miji ya kale ya Waswahili nayo ilikuwa na ishara ya kusikilizwa: siwa, yaani baragumu kubwa. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Ya Pate ni ya pembe ya ndovu, imenakshiwa, na urefu wake unapita mita mbili. Siwa ilipigwa katika sherehe za watawala na waungwana, kama vile harusi na tohara. Si kila mtu aliyeruhusiwa kupigiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mapokeo ya Pate yanasimulia habari za Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kitawala. Alipotaka kumtahirisha mwanawe, aliomba siwa ya mji, akanyimwa. Kumnyima baragumu kulikuwa kumwambia hadharani kwamba mwanawe hana cheo. Mwana Darini hakunyamaza. Alitafuta fundi, akachongewa siwa yake mwenyewe.

Je, siwa hapa ni ishara ya nini? Ya utawala, ndiyo. Lakini pia ya ubaguzi, ya heshima inayopiganiwa na ya ujasiri wa mwanamke. Kitu ni kimoja, maana ni nyingi, kutegemea aliyekishika na aliyekikosa.

Kwa hivyo, mwalimu, wazoeze wanafunzi wako kujiuliza maswali matatu kila wanapokutana na ishara ya mamlaka: Nani ana haki ya kuitumia? Nani ananyimwa? Aliyenyimwa anafanya nini?

Maswali haya yanafaa hata kwa majimbo ya kubuni. Katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, jimbo la Sagamoyo halipo kwenye ramani yoyote. Hata hivyo, Sudi anapokataa kuchonga kinyago wanachokitaka watawala, mgogoro wake ni jamaa ya ule wa Mwana Darini: ni nani mwenye haki ya kuamua jamii imtukuze nani? Tofauti ni kwamba Mwana Darini aliagiza ishara aliyonyimwa, ilhali Sudi anakataa kuunda ishara anayolazimishwa.

Nawe mtahiniwa, usiishie kwenye "ni ishara ya utawala." Endelea: ishara hiyo inamnufaisha nani, inamuumiza nani, na tukio lipi linathibitisha hayo? Utakapoyajibu hayo, utakuwa umechambua, hukuorodhesha tu.