Karani asiyechoka na daftari la marehemu baba

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alisomesha elimu ya mirathi msikitini kwetu Tanga kwa zaidi ya miaka 20, baina ya Magharibi na Isha. Alipofariki hakuacha nyumba ya kupangisha wala shamba kubwa. Aliacha madaftari saba, yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino, Kiswahili na Kiarabu, na ndani yake masuala aliyoulizwa na watu: nani amefariki, ameacha nani, na kila mmoja apate nini. Mwaka 2012 kaka yetu mkubwa aliyapiga chapa masomo hayo na kuyaweka katika tovuti ndogo ya familia, ili wanafunzi wa baba wayapate popote walipo.

Tovuti nayo huzeeka. Simu mpya zilipokuja, maandishi yakawa hayaenei kwenye kioo. Herufi za Kiarabu zikatokea zimeachana, kama shanga zilizokatika uzi. Kaka yuko Maskati kwa kazi na hana nafasi. Fundi tuliyemwendea alitaja bei iliyotuzidi. Ndipo binti yetu, anayesoma chuo kikuu, alipotuambia katika mwezi wa Shaabani kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani, kwa kumtumia msaidizi wa akili mnemba.

Tunayasimulia haya kwa sababu nyumba nyingi za Waislamu zina kitu kama hicho: tovuti ya madrasa, hesabu za zaka katika kompyuta, kumbukumbu za ukoo, ratiba ya darasa la akina mama. Na wengi watashawishika, kama tulivyoshawishika sisi.

Namna anavyofanya kazi

Wasaidizi hawa wameenea katika miaka michache tu. GitHub Copilot ilitangazwa mwaka 2021, na ChatGPT ikafuata mwishoni mwa mwaka 2022. Leo wapo wengi, wa bure na wa kulipia. Wamefunzwa kwa maandishi mengi mno, pamoja na msimbo, yaani yale maagizo ambayo wataalamu huiandikia kompyuta ili itende. Katika mafunzo hayo wamejifunza ni neno gani huelekea kulifuata neno gani. Mtumiaji hueleza haja yake kwa lugha ya kawaida, na msaidizi huandika msimbo. Walio wa karibuni hupewa ruhusa ya kuyafungua mafaili wenyewe, kuyasoma, kuyabadilisha, na kujaribu iwapo kazi imekubali.

Kabla ya kuanza, binti alifanya mambo mawili ambayo baadaye tulimshukuru kwayo. Kwanza, aliyaondoa majina ya watu waliokuwa wametajwa katika masuala ya baba. Anachopewa msaidizi wa aina hii, kwa kawaida, husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni inayommiliki, mara nyingi nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasingekuwa na sheria, siri ya nyumba ya mtu ni amana. Pili, aliyaweka mafaili yote chini ya Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huhifadhi kila badiliko na kumwonyesha mtu mistari iliyofutwa na iliyoongezwa. Kazi ikiharibika, hurejea ilipokuwa.

Baada ya Isha aliandika maelezo yake kwa Kiswahili chepesi. Hazikupita saa mbili, maandishi yalikuwa yamekaa vyema kwenye simu, na Kiarabu kinasomeka kutoka kulia kama kinavyopaswa. Sisi tuliokuwa tumesimama nyuma yake tulisema Mashaallah, na tulikuwa na haki ya kusema.

Kosa moja sahihi, kosa moja batili

Katika kupita kwake, msaidizi alitutanabahisha jambo. Palikuwa na jedwali la mtu aliyeacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke hupata thumuni, mama sudusi, na mtoto huchukua kilichobaki. Mali ikigawanywa mafungu 24, mke ana 3, mama 4, na mtoto 17. Kaka alikuwa amepiga chapa 16. Msaidizi alisema jumla inafika 23, fungu moja limepotea. Tulifungua daftari: baba aliandika 17. Kosa la kaka lilikuwa limekaa hapo miaka yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

Hapo tukamwamini. Akamaliza kazi na kutoa muhtasari mrefu, na katikati yake mlikuwa na mstari mmoja: kwamba amerekebisha hitilafu chache za hesabu kwenye majedwali. Tuliusoma mstari huo, tukafurahi, tukaenda kulala.

Asubuhi mama aliomba asomewe. Macho yake hayaiwezi simu, lakini daftari la mumewe analijua ukurasa kwa ukurasa, maana ndiye aliyekuwa akimshikia taa umeme ukikatika. Akalifungua mapajani, binti akawa anasoma kwenye simu kwa sauti, naye anafuata kwa kidole. Walipofika kwenye suala la mwanamke aliyefariki akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, bila mtoto, baba wala babu, mama akanyanyua kichwa.

“Rudia hapo, mwanangu.”

Binti akarudia: mume nusu, dada wawili kinachobaki.

“Baba yako hakuandika hivyo. Ameandika mume tatu katika saba.”

Mwenye kuisoma mirathi ameshaelewa. Katika suala hilo mume ana nusu na dada wawili wana thuluthi mbili, kwa mujibu wa Qur’an. Lakini nusu na thuluthi mbili zikijumlishwa huzidi mali yote: katika mafungu 6, mume anadai 3 na dada wanadai 4, jumla 7. Hapo jumhuri ya wanazuoni hutumia ‘awl, yaani mali hugawanywa mafungu 7 badala ya 6, ili upungufu umguse kila mwenye haki kwa kadiri ya fungu lake. Mume hupata 3 katika 7, na dada wawili 4.

Msaidizi aliona neno nusu katika maelezo na sehemu ya 3 katika 7 katika jedwali, akahukumu kuwa baba amekosea. Uangalifu uleule uliolipata kosa la kaka ndio uliolivuruga neno sahihi la baba. Tofauti yake ilikuwa elimu ya mirathi, na hiyo haikuwa katika hesabu za kujumlisha tu.

Tuseme mali ni shilingi 7,000,000. Kwa ‘awl mume hupata 3,000,000 na kila dada 2,000,000. Kwa jedwali lililobadilishwa mume angechukua 3,500,000 na kila dada 1,750,000. Shilingi 250,000 za kila dada zingepotea kwa sababu ya mstari mmoja tulioufurahia usiku. Na aliyekwenda kusoma pale angesema: nimeipata katika darasa la sheikh fulani. Angesingiziwa marehemu, ambaye hawezi tena kujitetea.

Mwenye kuandikisha na mwenye kuandika

Aya ndefu kuliko zote katika Qur’an, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Humo mwandishi ameamrishwa kuandika kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye mwenye kuandikisha, na mashahidi wanatakiwa wawepo. Mwandishi ana nafasi yake, na nafasi hiyo ina mipaka. Hajitungii deni, wala hapunguzi kwa kuona kwake kuwa kiasi hakijakaa sawa.

Sisi tulimpa karani wetu kalamu bila kumwekea mpaka. Tulimwambia atengeneze tovuti. Hatukumwambia kuwa maneno ya baba hayaguswi. Tulipoanza upya tulimwandikia wazi: badilisha sura na mpangilio, usibadilishe neno wala tarakimu ya somo, ukishuku kosa, orodhesha pembeni, utuache tuamue. Kazi ikatoka safi zaidi. Hata hivyo agizo lililoandikwa vizuri halimwondolei mtu wajibu wa kukagua, maana msaidizi huweza kulisahau au kulielewa visivyo.

Wanazuoni wa hadithi walilijua jambo hili zamani kabla ya kompyuta. Mwanafunzi aliyenakili kitabu alitakiwa kufanya muqabala, yaani kuilinganisha nakala yake na asili, neno kwa neno. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameuzungumzia utaratibu huo katika kitabu chake cha elimu ya hadithi. Mama alipokaa na daftari mapajani, na binti akawa anasoma, walikuwa wakifanya muqabala bila kulitaja jina lake.

Nasi hatuna sababu ya kuichukia elimu ya hesabu za mashine. Neno algoriti limetokana na jina la al-Khwarizmi, Mwislamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa Miladia, na sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu wasia na mirathi. Mwenyewe alitaka hesabu iwatumikie warithi.

Tahadhari kwa wenye nyumba

Msaidizi asiombwe kujaza mapengo ya dini. Programu hizi huweza kutunga rejea zisizokuwepo, kwa lugha iliyonyooka kabisa. Mwezi Juni mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu ambazo ChatGPT ilikuwa imezitunga. Ikiwa hukumu ya mahakama inatungwa pamoja na jina la kesi, hadithi nayo yaweza kutungwa pamoja na namba yake. Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuichunguza habari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mashine haiitwi fasiki wala mwadilifu. Lakini madhara ya kutochunguza ni yaleyale.

Nywila za tovuti, za benki na za simu asipewe. Mabadiliko yasomwe yote, hasa siku ambayo msaidizi amekwisha kupatia jambo kubwa, kwani hapo ndipo macho hulegea. Na vijana wetu wanaoiweza kazi hii wasiachwe wakae peke yao na kompyuta. Binti yetu anaujua msimbo, na mama anaijua mirathi. Usiku ule tulikosea kwa kumwacha mmoja akalale.

Muqabala wa madaftari saba ulituchukua juma zima, kila siku baada ya Alasiri. Tulikuta majedwali matatu yaliyobadilishwa na msaidizi, na makosa mawili zaidi ya kaka. Kaka alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza iwapo kuna mtu aliyewahi kugawa mali kwa jedwali lile la 16. Hatujui. Tumeweka tangazo juu ya ukurasa, likitaja makosa hayo na kuwaomba walioyatumia wawarejee masheikh wao. Chini ya kila somo sasa pana mstari mmoja: limelinganishwa na daftari la mwandishi, pamoja na tarehe. Mstari huo mama amekataa uwekwe kwenye somo lolote ambalo hajalisikia mwenyewe hadi mwisho.