Jiko la Gesi la Kwenye Kaunta: Tufungue Wapi, Tuishie Wapi

Nyumba nyingi zinazojengwa mijini siku hizi huwekwa jiko la gesi lililopachikwa kwenye kaunta. Linapendeza, na kulifuta ni rahisi. Lakini likiharibika, mama hujikuta hajui aanzie wapi, maana kinachoonekana ni kioo na vichomeo tu. Mabomba, nyaya na viungo vya gesi vyote vimefichwa chini. Lile jiko la mezani tulilizoea. Tuliligeuza tukaona mgongo wake. Hili haligeuzwi.

Sisi wauguzi huuona upande wa pili wa habari hii: nyuso na mikono iliyoungua. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuzungumze, akina mama wenzetu, juu ya yale tunayoweza kuyafungua wenyewe na yale ya kumwachia fundi.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chini ya kaunta haipandi kwenda dirishani, bali hushuka na kutuama ndani ya kabati kama maji kwenye beseni. Mama mwenye mafua anaweza kusimama hapo akikaanga vitunguu asisikie harufu yoyote. Kwa hiyo, kabla ya kugusa skrubu hata moja, fungua dirisha na milango ya kabati. Funga gesi kwenye mtungi. Chomoa waya wa umeme, au toa betri kama jiko lako linatumia betri. Acha vyuma vipoe, na watoto wakacheze nje.

Mara nyingi hakuna haja ya kuinua kioo. Moto wa njano unaopaka sufuria masizi mara nyingi huletwa na uji au maziwa yaliyomwagika, au na kofia ya kichomeo ambayo haikukaa sawasawa. Ondoa vyuma vya kuwekea sufuria, toa kofia na vichomeo, vioshe kwa maji ya moto na sabuni, uvikaushe kabisa. Jiko linaloendelea kutoa cheche bila kukoma baada ya kuoshwa huwa lina maji kwenye kijiti cheupe cha cheche. Kifute, ukiache kikauke.

Na moto unaozimika mara tu unapoachia swichi? Karibu na kichomeo pana kijiti kingine cha chuma, ambacho mafundi hukiita themokapo. Kikipata joto la moto huacha gesi ipite. Upepo ukizima moto, kijiti hupoa na gesi hujifunga yenyewe. Kikiganda mafuta hakihisi joto vizuri. Kisugue polepole kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu tena, ukishikilia swichi kwa sekunde chache. Wapo mafundi wanaokiondoa kabisa ili jiko liwake upesi. Usikubali, hata akisema majiko yote anayafanyia hivyo. Huyo amekuondolea mlinzi jikoni.

Chini ya kichomeo utaona nozeli, kipande cha shaba chenye tundu dogo sana. Namba iliyochapwa juu yake mara nyingi huonyesha upana wa tundu: 85 maana yake ni milimita 0.85. Usilizibue kwa sindano wala kwa waya. Shaba ni laini, tundu hupanuka, gesi huzidi na moto hutoka mrefu wenye moshi. Nozeli za vichomeo vikubwa na vidogo hazifanani, basi zisichanganywe. Jiko likitoka dukani na nozeli za gesi ya bomba, lazima zibadilishwe kabla ya kufungwa kwenye mtungi.

Kazi ya kuinua kioo ni ya fundi. Yeye huvuta swichi zitoke, hufungua skrubu zilizo kwenye vichomeo, kisha hukiinua taratibu kwa mikono miwili, kwa kuwa nyaya za cheche huweza kuwa zimeshikamana chini. Sisi kazi yetu ni kusimama karibu na kuangalia. Akimaliza, afungue mtungi swichi zote zikiwa zimezimwa, apake povu la sabuni kwenye kila kiungo, hadi kwenye regulata. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Anayejaribu kwa kiberiti asilipwe. Mwonyeshe na mpira wa gesi pia. Ukiwa umepasuka au umekakamaa, ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kuizima. Cheche moja ya swichi inatosha. Funga mtungi kama unafikika, fungua milango, toka na watoto.

Mtu akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta ya kupikia tunavikuta kila mara kwenye vidonda, nasi hulazimika kuvisafisha huku mgonjwa akilia. Moto ukiwa umempiga usoni, au nywele za puani zikiwa zimeungua, mpeleke hospitali mara moja hata kama anaongea vizuri. Koo huweza kuvimba saa kadhaa baadaye.