Fahamu: Kwa nini pawabenki haiingii kwenye begi la tumboni mwa ndege

Kwenye maduka ya simu ya Sinza Mori, Dar es Salaam, mteja huuliza jambo moja tu kuhusu pawabenki: itajaza simu mara ngapi? Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere kuna hesabu nyingine.

Chukua mAh zilizoandikwa mgongoni, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Ya 20,000 inatoa wati-saa 74. Hadi 100 hakuna tatizo. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege. Ikizidi hapo, iache nyumbani. Maandishi yakifutika, mkaguzi hana cha kupima, na hapo ndipo ubishi huanza. Vyovyote iwavyo, ibebe mkononi.

Sababu ni moto. Betri ya lithiamu ikipata shoti, seli moja huiunguza jirani yake, nayo inayofuata, na mnyororo huo ni mgumu kuukata. Ndani ya kabini kuna mhudumu na maji. Tumboni hakuna mtu.

Julai 2013, Boeing 787 ya Ethiopian Airlines iliungua paa ikiwa imeegeshwa Heathrow, bila abiria. Wachunguzi wa Uingereza waliufuatilia moto huo hadi betri ya lithiamu ya kifaa cha dharura. Nyaya zake zilikuwa zimebanwa na kifuniko.

Hatari hiyo inagusa mizigo pia: tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu-ioni zikiwa peke yake, bila kifaa, haziruhusiwi kuwa shehena ya ndege ya abiria. Fundi wa Sinza anayeagiza katoni ya betri kutoka China huipata kwa ndege ya mizigo, au meli.