Safari ya Miguu Wakati wa Mvua: Homa Si Uchovu

Mvua zinapoanza katika mikoa yetu, kwa kawaida mwezi Novemba, njia nyingi za vijijini hazipitiki kwa gari wala kwa baiskeli. Hata hivyo safari haziishi. Vijana wanatoka Shinyanga kutafuta riziki katika machimbo ya Geita, mama anakwenda kumwuguza mzazi wake, familia zinakwenda msibani. Wengine hutembea siku mbili au tatu.

Baada ya wiki moja au mbili, mmoja wao anashikwa na homa. Jirani anasema, "Huo ni uchovu wa safari." Mgonjwa anapewa panadoli na kuambiwa alale. Maneno hayo yanaweza kugharimu maisha. Uchovu huisha mtu akipumzika. Homa inayokuja siku nyingi baada ya safari ni ugonjwa, na huenda aliupata njiani.

MBU

Mbu wa malaria huuma usiku. Hatari yake kwa msafiri ni pale anapolala: kwenye kambi ya machimbo chini ya turubai, jirani na mashimo yaliyojaa maji ya mvua. Beba chandarua chenye dawa; kikikunjwa hakina uzito wa kumshinda mtu. Jioni vaa nguo ndefu. Homa ya malaria huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa, mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 15. Mtoto mdogo au mama mjamzito mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kipimo ni tone la damu tu, na majibu hupatikana baada ya dakika chache.

MBUNG'O

Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o chini ya Mwingereza C.F.M. Swynnerton, na maelfu ya watu walifyeka mapori ili kuwafukuza wadudu hao. Ndiyo maana watu wengi waliokulia kwenye maeneo ya wazi hawamjui mbung'o. Lakini anayeelekea magharibi, penye mapori kama Kigosi na yale ya Biharamulo, anaweza kukutana naye.

Mbung'o huuma mchana, hufuata kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Hupenya hata nguo nyepesi. Basi vaa nguo nzito ya mikono mirefu yenye rangi ya kaki, na usipumzike vichakani.

Si kila mbung'o ana vijidudu vya malale. Lakini mahali alipouma pakivimba na kuwa kidonda, kisha ikafuata homa, kichwa kuuma na tezi kuvimba, nenda hospitali. Malale ya upande wetu huua ndani ya miezi michache asipotibiwa mtu. Usingoje dalili ya kusinzia mchana, kwani hapo ugonjwa umeshafika kwenye ubongo na matibabu yake ni magumu zaidi.

MATOPE NA MAJI

Udongo mweusi wa mbuga hunasa katambuga na kandambili, na wengi huamua kuvua na kutembea peku. Ndani ya matope kuna miiba na vipande vya chupa, na jeraha chafu linaweza kuleta pepopunda. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha uliza zahanati kuhusu sindano ya kinga.

Mabuti ya mpira yanafaa, lakini usikae nayo siku nzima yakiwa na maji ndani. Kila unapopumzika, vua, kausha miguu hasa katikati ya vidole, na badili soksi. Hivyo utaepuka malengelenge na fangasi.

Kwenye majaluba na madimbwi yenye konokono kuna kichocho. Vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi kwa dakika chache tu. Pita darajani ikiwezekana, hata kama ni kuzunguka. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, hata miezi kadhaa baadaye, nenda ukapimwe. Kuna vidonge vya kutibu.

MWAMBIE MGANGA ULIPOPITA

Mganga wa zahanati hawezi kujua kwamba ulipita porini usipomwambia. Mweleze mambo matatu: ulipita wapi, ulirudi lini, na uliumwa na nini. Kipimo cha malaria kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, usirudi nyumbani ukanyamaza. Rudi zahanati, umkumbushe safari yako, na uombe kupelekwa hospitali kubwa.

Wazazi, kijana wenu akirudi kutoka machimboni, mkaribisheni kwa maji ya kuoga na chakula. Kisha muulizeni alikolala na alikopita, na muihesabu siku hiyo ya kurudi kwake.