Jengo Nalo ni Mwalimu



Mtoto wa shule mjini Bujumbura hupita kila siku mbele ya majengo asiyoyafahamu. Hufundishwa kusoma kitabu, jambo ambalo ni jema. Lakini ukuta, paa na mlango navyo vina mafunzo yake. Kamba ya kupimia, penseli na daftari vyatosha kuyafuata.

Na aanzie katika makumbusho ya Musée Vivant, yaliyoanzishwa mwaka 1977. Humo mna nyumba ya kifalme ya jadi, iliyojengwa upya kwa miti na nyasi. Mwanafunzi aizunguke, aipime kwa hatua, kisha aulize: kwa nini ni ya mviringo? Kwa nini paa lake lateremka mpaka karibu na ardhi? Ndipo atambue kwamba mababu walijenga kwa hesabu: maji ya mvua yaporomoke upesi, na upepo usipate pembe ya kushika.

Somo la pili ni chungu. Tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto, na helikopta zikaletwa kutoka Rwanda kusaidia kuuzima. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali yao. Mtoto aliyezoea kuuliza njia ina upana gani, maji yatapatikana wapi na mlango wa kutokea uko upande gani, kesho ndiye fundi, mkaguzi au diwani atakayeuliza hayo kabla moto haujawaka.

Ninyi askari wa jeshi na polisi, somo hili si geni kwenu. Askari akabidhiwapo lindo, kwanza hutazama milango, madirisha na njia za kutokea. Basi, ajapo mwalimu na wanafunzi wake wenye kamba na daftari, wasidhaniwe mara moja kuwa wapelelezi. Ni kweli kwamba yako majengo yasiyoruhusiwa kuchorwa wala kupimwa, na amri hiyo hapana budi iheshimiwe. Mwalimu naye yampasa kuomba ruhusa mapema. Lakini pale panaporuhusiwa, askari na awaelekeze watoto kwa upole, na ikiwezekana awaonyeshe mlango wa dharura ulipo.

Jengo hulindwa kwa bunduki, ndugu msikilizaji. Lakini hulindwa zaidi na raia aliyefundishwa tangu utotoni kulielewa.