Paka, Panya na Dawa za Kifafa

Ubongo hufanya kazi kwa ishara za umeme zipitazo baina ya chembe zake. Chembe nyingi zikitoa ishara kwa pamoja na kupita kiasi, mwili waweza kukakamaa na kutukutika, na mgonjwa akapoteza fahamu. Hali hiyo ikimrudia mtu pasipo homa wala sababu nyingine ya papo hapo, husemwa kuwa ana kifafa. Dawa yake hupimwaje kabla ya kupewa binadamu?

Katika miaka ya 1930 dawa iliyotegemewa zaidi ilikuwa fenobabitali, iliyoanza kutumiwa mwaka 1912. Lakini ilimtia mgonjwa usingizi. Huko Boston, Marekani, madaktari Houston Merritt na Tracy Putnam walipitisha umeme katika vichwa vya paka, wakapima kiasi kilichotosha kuleta mtukutiko. Paka aliyepewa dawa ifaayo alihitaji umeme mwingi zaidi. Kwa kipimo hicho waliitambua fenitoini, kemikali iliyokwisha kutengenezwa mwaka 1908. Matokeo ya paka yalitangazwa mwaka 1937, na ya wagonjwa mwaka 1938. Fenitoini ingali ikitumika.

Hata hivyo, paka wale walikuwa wazima. Walitiwa mtukutiko, hawakuwa na kifafa, na tofauti hiyo si ndogo. Kipimo kimoja kikitumika daima, huelekea kuchagua dawa zinazofanana, na mgonjwa asiyesaidiwa na ya kwanza huenda asisaidiwe na ya pili.

Njia nyingine ilitokea Kanada katika miaka ya 1960. Graham Goddard aliwapa panya umeme hafifu ndani ya ubongo kila siku. Mwanzoni hawakuonyesha lolote. Baada ya siku kadhaa, umeme ule ule usioongezwa ulianza kuwaletea mtukutiko, kama kuni zinavyoshika moto kutoka vijiti vidogo. Ubongo wenyewe ulikuwa umebadilika.

Faida yake ilidhihirika kwa dawa iitwayo levetirasetamu. Katika vipimo vya kawaida, vya umeme mkali na vya kemikali, haikuwakinga panya wazima, ingeweza kutupwa. Bali iliwakinga panya ambao ubongo wao ulikuwa umebadilishwa kwa njia ya Goddard. Mwaka 1999 iliidhinishwa Marekani, na leo hutumika katika nchi nyingi.

Bado kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa. Kwa hiyo wataalamu huwachunguza pia wanyama ambao mtukutiko huwajia wenyewe, bila kuguswa na umeme.